Blada Iliyonyonga Mguu wa Elkanah

Mguu wa kulia wa Elkanah Onyiego haushiki tena pedali. Akiukanyagisha, wayo unalegea na kuning'inia kama tambara kwenye kamba. Na Elkanah ni mwendesha boda boda ya baiskeli mjini Migori. Kazi nyingine hana.

Saa moja asubuhi, Jumatatu, anaketi juu ya baiskeli yake mbele ya steji, miguu yote miwili chini. Waendeshaji wenzake wamemzunguka. Leo ni siku ya kujaribiwa.

Sheria ya steji hii ni fupi. Mtu akikosa kazi miezi mitatu, nafasi yake inapewa anayengoja. Akitaka kurudi, lazima abebe mtu mzima kutoka stejini hadi darajani, kisha apande naye kilima mpaka stejini tena bila kutia mguu chini. Abiria anamchagua mwenyewe.

Wenzake wote wanamwambia amchukue Robi, Mkuria mwembamba ambaye mwenzao Simeon husema akikaa kwenye karai la kupimia omena, wale dagaa wa ziwani, mizani haisogei. Elkanah anatikisa kichwa. Anamnyooshea kidole Monari, mtu wa kilo themanini na kitu, aliyesimama nyuma ya wengine akiangalia viatu vyake.

"Wewe ndio unajua vile huu mguu ulifungwa," anamwambia. "Panda."

Ili msomaji aelewe, lazima turudi Januari mwaka huu wa 1996.

Steji ni mahali pa kungoja wateja, lakini pia ndiyo shule na zahanati ya watu hawa. Asiye na abiria hukaa juu ya baiskeli yake na kuuliza linalomsumbua, na kila mmoja humjibu. Mnyororo ukiruka, utaambiwa punguza pingili moja. Breki zikilia, paka majivu. Simeon aliwahi kuuliza mbona makalio yake yanakufa ganzi kila akienda Masara kwenye machimbo ya dhahabu. Akaambiwa apeleke kiti kwa fundi. Akasema hana pesa ya fundi. Basi peleka makalio, wakamwambia.

Elkanah aliuliza kuhusu goti. Lilikuwa likimuuma tangu Krismasi, hasa akipanda kilima.

Sababu ilikuwa mbele ya macho ya wote, ila hakuna aliyeiona. Waendeshaji wa Migori hushusha viti vyao mpaka mwisho, ili nyayo zote mbili zikanyage ardhi wakati mama mwenye kapu anapopanda nyuma. Baiskeli isipotulia, mama anashuka na kwenda kwa mwingine. Kiti cha juu, wanasema, ni cha mwalimu asiyebeba abiria. Lakini anayeendesha kiti kikiwa chini hakunjui goti likanyooka kutwa nzima. Elkanah aliendesha hivyo miaka saba.

Robi alimshauri apake mafuta ya mbuzi. Osoro, ambaye hutengeneza baiskeli pembeni mwa steji, akasema goti ni beringi tu, halihitaji kitu ila kupumzishwa. Wakamcheka. Nani apumzike, na ngano ya chapati ainunue nani?

Monari ndiye aliyeleta dawa. Mwaka uliotangulia fremu ya baiskeli yake ilipasuka karibu na kanyagio. Hakwenda kuichomelesha. Aliifunga kwa blada, ule ukanda wa mpira unaokatwa kutoka tyubu kuukuu, ambao kila mwendesha boda hufungia mizigo. Aliizungushia akiivuta kwa nguvu, na fremu ikabeba watu na magunia miezi minne.

"Goti ni kama fremu," Monari alisema siku hiyo. "Ikishikwa, haiumi."

Akakata blada kutoka tyubu yake mwenyewe. Akamfunga Elkanah mizunguko minane, chini kidogo ya goti, akivuta kwa meno. Hakutaka hata kikombe cha chai.

Dawa ikafanya kazi. Maumivu yakakatika. Kawaida Elkanah alipata shilingi themanini au mia kwa siku. Wiki hiyo alifika mia moja na sabini, kwa sababu hakuogopa tena safari za Masara. Hakuifungua blada, mchana wala usiku. Mtu hafungui mzigo kabla hajafika, anasema.

Siku ya tano alihisi sisimizi wakitembea ndani ya wayo. Akauliza stejini. Wakajadiliana, wakakubaliana kwamba hayo ni maumivu yanatoka.

Siku ya tisa kandambili ilimtoka mguuni katikati ya barabara asijue. Simeon akaiokota na kumpa jina, Bwana Kandambili Moja. Jina likapendwa. Elkanah mwenyewe alicheka, na abiria wake akacheka pia.

Siku ya kumi na moja, akiwa amembeba mwanamke mwenye karai la samaki wa Karungu, wayo ulianguka kutoka kwenye pedali na kuingia kwenye spoku. Wote wawili wakalala barabarani na samaki juu yao. Mwanamke hakuumia. Elkanah alisimama, akaanguka tena.

Mkewe Pamela alikata blada kwa wembe jioni hiyo. Anasema ngozi ilikuwa imebaki na mizunguko minane, ukiihesabu unaiona.

Hospitalini daktari alieleza kwamba kando ya goti, karibu sana na ngozi, hupita mshipa wa fahamu unaoinua wayo. Blada ilikuwa imeunyonga. Akauliza ni nani aliyemfunga.

"Nikamwambia ni mimi," anasema Elkanah. "Sasa nilikuwa niseme nani? Ni mimi niliuliza."

Daktari akampa miezi mitatu. Wayo ukiinuka ndani ya muda huo, atapona. Usipoinuka, asitegemee sana. Miezi mitatu iliisha Ijumaa, na wayo haujainuka.

Kwa hiyo leo asubuhi Monari anapanda kiti cha nyuma. Cephas, mwenyekiti wa steji, anatoa ishara, na wanashuka.

Kushuka si kazi. Baiskeli inajiendea hadi darajani, Elkanah anageuza vizuri, na wale walioko juu wanaanza kumpigia mbinja. Kisha kilima kinaanza. Mguu wa kushoto unasukuma. Wa kulia ukifika juu unateleza, pedali inarudi na kumpiga kwenye muundi. Anajaribu kukanyagia kisigino. Inakubali mara tatu, mara nne. Damu imeshuka mpaka kwenye kandambili, naye haisikii.

Nusu ya kilima, baiskeli inakuwa nyepesi.

Elkanah anajua uzito wa abiria kama mwanamke ajuavyo uzito wa mtungi wake. Anatazama chini ya kwapa. Monari ameshusha ncha za viatu vyake na anasukuma ardhi polepole, mguu huu, kisha ule. Walioko juu hawaoni, au wameamua kutoona. Steji iko hatua hamsini tu.

"Omera, ndugu yangu, inua miguu," Elkanah anasema.

"Wewe endesha tu."

"Monari. Kesho nitabeba mama na kapu. Yeye pia atanisukuma?"

Monari hainui miguu. Elkanah anashika breki na kutia mguu wake chini, ule mzima, mbele ya macho ya wote.

"Nilidhani ni kama fremu," Monari anasema nyuma yake.

Wanaisukuma baiskeli kwa mkono mpaka juu. Cephas anasema pole, kisha anamwita kijana wa Isebania anayengoja nafasi tangu mwaka jana.

Jioni, nyumbani kwake mtaani Oruba, Elkanah anaeleza mpango wake. Atakwenda Karungu kwa binamu yake kushona nyavu, kazi ya kukaa. Wayo ukipona atarudi. Anasema kidole gumba cha mguu huo kilisogea Jumapili. Pamela, anayechambua mboga karibu naye, anasema alikuwepo na hakikusogea.

Siku nne baada ya jaribio, hasara yote ni hii. Mguu mmoja, kuanzia goti kushuka. Nafasi ya tisa kwenye steji, aliyoishika miaka saba. Baiskeli, iliyouzwa jioni ya Jumatatu ile kwa shilingi elfu moja na mia tatu. Darasa la saba la binti yao Adhiambo, ambaye tangu Machi yuko kwa shangazi yake Homa Bay akichuuza omena. Na Monari, aliyekuwa akila chakula cha mchana na Elkanah tangu mwaka 1989: siku nne sasa hajafika stejini, na akienda sokoni anapita njia ya nyuma.