Ndui Ilipopanda Nkoaranga

Ndui ilipoanza kupanda mlimani kwetu, baba alikataa katakata tuchanjwe. Wajerumani walikuwa wakikamata wanaume kwenda kubeba mawe ya kujengea boma lao, na baba aliamini kovu la chanjo ni alama, kama ile tunayowachoma ng'ombe.

"Wakishakutia alama, umekuwa wao," alimwambia mama.

Baba alipopeleka ng'ombe malishoni Momela, mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukateremka hadi misheni alikokuwa mchanjaji. Mtoto alikuwa anachemka tangu alfajiri. Mama alisema ni meno.

Mchanjaji, mtu wa pwani, alinianza mimi. Alinikwaruza begani, ikawasha kuliko kuuma. Kisha akamfunua mtoto, akamtazama kinywani, akarudisha kisu chake.

"Mama, huyu imeshamwingia. Ungemleta mapema."

Mama hakujua Kiswahili. Alimgeukia jirani yetu mmoja aliyekuwa akingoja zamu, amfasirie. Jirani akatazama chini. Hapo mama akaelewa. Aliutoa mkono wa mtoto, akamnyooshea yule mtu, akisema kwa Kimeru, "Mchanje. Mchanje tu." Aliendelea hivyo hadi waliokuwa wakingoja wakatukimbia.

Mdogo wangu alifariki kabla ya juma kwisha. Baba, aliyerudi kumzika, naye akaugua. Majirani waliziba njia ya kwetu kwa miiba. Hawakuwa wabaya, walikuwa na watoto wao. Ulezi uliiva, ndege wakaumaliza, maana mama hakuweza kumwacha mgonjwa. Mganga mmoja alichukua mbuzi, mwingine akaondoka na ng'ombe wa maziwa. Mimi, niliyelala nao nyumba moja, sikupata hata kipele.

Baba alipona, lakini macho hayakuona tena. Mama akabaki peke yake na jembe, huku akiwa na mimba.

Alipojifungua na mtoto akapata nguvu kidogo, baba alinyanyuka, akapapasa mpaka akanipata.

"Mchukue mdogo wako. Nipeleke kwa mchanjaji."

Tulishuka polepole, akijikwaa kila penye mzizi. Misheni tukaambiwa mchanjaji amekwenda mbali na haijulikani atarudi lini.

Baba aliketi mlangoni, akampakata mtoto. "Sirudi naye hivi," alisema. "Nimeshazika mmoja."

Watu wa misheni walimsihi, wakamfokea. Hakuinuka mpaka mtu alipotumwa bomani kwa Wajerumani kuulizia dawa ya chanjo.