Oda Tano za Vifaranga

Mashine ya kutotolea ilikuwa na mayai zaidi ya mia tatu, na wateja wa vifaranga wake nilikuwa nimewatunga mimi.

Nililigundua hilo nikiwa kwa mama mmoja wa Bagara, mjini Babati, anayeuza vifaranga wa siku moja. Mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimemtengenezea tovuti ya kupokea oda, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Siku hiyo nilikwenda kubadilisha picha ya jogoo tu. Hata shikamoo yangu hakuijibu vizuri, akanivuta mpaka kwenye chumba cha mashine.

"Mwanangu, kitu chako kinafanya kazi! Wiki ya kwanza tu, oda tano. Yuko mmoja wa Singe anataka mia na ishirini."

Huyo wa Singe nilisoma naye. Anaishi Mtwara na anaogopa kuku. Wa Maisaka pia nilisoma naye, na wale wengine watatu. Nilipokuwa naijaribu tovuti niliandika majina yao, nikawagawia mitaa ya Babati ili majaribio yafanane na hali halisi. Namba zote zilikuwa za laini yangu ya zamani iliyofungwa. Kisha nikamkabidhi mama tovuti yake bila kufuta chochote.

"Wataanguliwa lini?" nikauliza.

"Keshokutwa. Mbona unatoka jasho? Humu ndani joto, eh?"

Nikasema ndiyo, joto. Nikabadilisha picha ya jogoo, nikaondoka.

Niliwaza atanipeleka polisi. Nikawaza labda yapo makosa ya mtandao yanayohusu wateja wa uongo, nikatafuta kwenye simu, nikaogopa kusoma nilichokipata. Nikawaza atamweleza mama yangu kanisani, mbele ya kwaya nzima. Nikafikiria mpaka kuagiza vifaranga wote mimi mwenyewe kwa majina mengine, na hapo ndipo nilipojiogopa kuliko nilivyomwogopa yeye. Saa kumi jioni nikarudi Bagara kwa miguu. Nilipita mbele ya geti lake mara mbili kabla ya kubisha.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo hawa watu hawapo."

"Wapo, mama. Ila hawajaagiza."

"Wa Singe?"

"Yuko Mtwara."

"Hawezi kuja hata kwa bahati mbaya?"

Sikujua kama anatania. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo sana, kwa nini hakuwapigia simu kabla ya kuweka mayai.

"Si wewe uliniambia nisihangaike kupiga, mfumo unathibitisha wenyewe?"

Ni kweli nilimwambia hivyo, tena kwa majivuno. Kabla yangu alikuwa hagusi yai mpaka amesikia sauti ya mtu. Mimi niliuona huo ni ushamba, nikauondoa. Siku hizi mfanyabiashara akiniita, kwanza nakaa nimtazame anavyofanya kazi, na majaribio nayafanyia mahali pengine kabisa, mbali na oda zake. Lakini siku ile sikuwa na hekima yoyote ya kumpa. Nilikuwa nimesimama tu.

"Kaa chini," akasema. "Kifaranga hasubiri mtu alie."

Alileta daftari la watu waliowahi kumuulizia vifaranga akawa hana. Tukagawana kurasa. Mimi naogopa kupiga simu kwa mtu nisiyemjua. Kila namba niliisoma mara tatu, nikiomba isipokelewe. Wengine walikata. Mama mmoja wa Maisaka alinihoji kama mimi ni tapeli, na nikachelewa kujibu.

Asubuhi ya kuangua nilifika mapema. Sauti ya vifaranga niliisikia nikiwa bado nje. Watu walikuja, mmoja mmoja, na maboksi yao. Kufikia mchana vifaranga walikuwa wamebaki kama sitini, wamejikusanya chini ya taa.

Ndipo simu ya mama ikalia mlio wa oda mpya. Ishirini, Dareda. Akanisogezea kioo usoni.

"Na huyu mlisoma naye?"

"Simjui, mama. Naapa."

"Piga."

Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Mama akanitazama. Nikapiga tena, nikasikia sauti ya mzee.

"Shikamoo baba. Samahani, ni wewe umeagiza vifaranga?"

"Marahaba. Mjukuu wangu ndiye ameniandikia, mimi ndiye ninayewataka. Mnao au mnanichezea?"

Mama akaninyang'anya simu.

"Tunao, baba. Njoo leo."

Akakata, akavuta boksi tupu, akaanza kuwahesabu ishirini. Kisha akanionyesha kwa kidevu wale arobaini waliobaki, na lile daftari.

"Endelea," akasema.