Vifuniko Viwili Vilivyonikosesha Koku

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu: niligeuza swichi mbili kwa wakati mmoja. La pili lilizaliwa na hilo, na likanipotezea msichana niliyempenda. Najua utacheka. Cheka tu, lakini nisikilize.

Sijasoma mbali. Kiwanda cha Nyakato kiliponipunguza, nilianza kununua vitabu vilivyotumika pale Mkuyuni nikajifundisha mwenyewe. Kimoja kilieleza kwamba ndani ya seli jeni huamrishana: hii ikiwaka, ile inazimika, kama swichi. Kiliniteka! Nikachukua vifuniko viwili vya soda viwe jeni zangu. Kikitazama juu, inawaka. Kikilala kifudifudi, imezimika. Kila moja ikiwaka huizima nyingine. Nilitaka kujua ipi itabaki inawaka.

Jibu halikuja. Zikiwa zimezimika zote, hakuna ya kuizima nyingine, basi zinawaka zote. Zikiwaka zote, zinazimana. Zikawa hivyo siku zote, haziwaki zikatulia wala hazizimiki zikatulia.

Wakati huo Koku (si jina lake halisi), mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akisubiri nipeleke mshenga. Baba yake alitoka Bukoba kumtembelea dada yake, shangazi wa Koku, mtaani Igogo, na Koku akanieleza wazi kwamba mzee anatusubiri, ataondoka na meli ya Jumapili. Baba yangu mdogo alishakubali kwenda kuwa mshenga. Hata koti alishalipiga pasi. Mimi nikamzuia. Mzee yule msomi angeuliza kijana anafanya nini, nami sina hata hesabu moja iliyokamilika. Ujinga gani ule!

Jumamosi Koku akaja kwetu. Akakaa akitazama vifuniko vyangu vikigeuka.

"Kwani lazima vigeuke pamoja?" akauliza. "Kimoja hakiwezi kutangulia?"

Sikujua. Ukweli wote ndio huo. Badala ya kusema hivyo, nikamwambia akawafundishe watoto wake wa darasa la pili, haya ni makubwa kwake.

Akachukua mkoba wake, akasema nimsalimie baba mdogo. Kesho yake mzee akapanda meli bila kumwona mtu wa kwetu.

Nilikaa muda mrefu na hasira zangu ndipo nikajaribu alichosema. Mwilini hakuna kengele ya kugeuza jeni zote pamoja. Protini inayotengenezwa na kila moja hujikusanya polepole, na itakayotangulia kufikia kiwango chake ndiyo huizima nyingine. Nikageuza kifuniko kimoja kwanza. Kikabaki kinawaka, cha pili kikalala. Hesabu ikatulia!

Nikakimbia Igogo. Nilimkuta uani kwa shangazi yake akichambua mchele. Nikamwambia alikuwa sahihi. Akaniambia mshenga wa mtu mwingine ameshapokelewa.

"Ungesema tu hujui," akasema, macho kwenye ungo. "Ningekusubiri."

Kitabu kilishanieleza kwamba swichi za namna hii zikishageuka, hata ukiondoa kilichozisukuma, hazirudi. Nilipolisoma hilo niliona ni zuri, Mungu wangu!

Wewe unayengoja kila kitu kinyooke ndipo utume mshenga, mtume leo, hata koti likiwa na makunyanzi.

Koku anaishi Bukoba na mumewe. Mimi nageuza kifuniko kimoja kimoja, na nikiulizwa nisilolijua, nasema sijui.