Mkono wa Dorosela

Valeriani alimnyang'anya Dorosela, mjane wa kaka yake, shamba la miwati, miti ya nguzo na mkaa, la ekari tatu. Alilichukua mchana kweupe, mbele ya mkutano wa kijiji, kwa kura. Na katika mikono iliyonyooshwa siku ile kukubali, mmoja ulikuwa wa Dorosela mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1997, kijiji kimoja upande wa Kifanya. Benno, mumewe, alikuwa na wiki tatu kaburini. Kwao mfiwa hukaa chini, amejifunga kitambaa kichwani, wala habishani na ndugu za mume mpaka matanga yaanuliwe. Mwenyekiti alipouliza nani anaafiki shamba akabidhiwe Valeriani, shemeji zake wote waliinua mikono, kisha wakamgeukia. Naye akainua wake, kama alivyozoea kunawa baada yao na kula baada yao. Yeye alitoa adabu. Katibu akaandika kura.

Mwezi uliofuata mashoka yaliingia kwenye miti aliyoipanda Dorosela, Benno akiwa kibarua kwenye mashamba ya chai. Alipolalamika, Valeriani hakupandisha hata sauti.

"Shemeji, si ulikubali? Kitabu kipo, kasome."

Alijua Dorosela hajui kusoma.

Dorosela akahamia Makambako, akapanga chumba mtaa wa Lyamkena kwa Mwanaheri, mwanamke wa Kilindi aliyeuza mchele. Serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, kila mtu anauza anachoweza; yeye akauza viazi kando ya barabara, mafungu manne kwa mara moja, vidole vimekufa kwa baridi.

Mwaka 1999 redio ya Mwanaheri ikatangaza kwamba wabunge wamepitisha sheria ya ardhi ya vijiji. Mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu.

"Umesikia, Dorosela?" Mwanaheri alipiga makofi. "Wamekutetea huko Dodoma!"

"Walinyoosha mikono?"

"Hawanyooshi. Spika anauliza, wanaitikia ndiyo wote kwa pamoja."

Dorosela akarudi kuchambua viazi. Wenzake sokoni walishangilia siku ile, wengine wakasema wabunge wa safari hii wana akili. Yeye lilimkaa kooni lile la wote kwa pamoja. Aliijua "ndiyo" ya namna hiyo. Mtu huitoa kwa sababu aliye kushoto ametoa na aliye kulia anamtazama. Kama wale waheshimiwa waliitikia kama yeye alivyonyoosha mkono, basi sheria yao ilikuwa na uzito gani? Akirudi nayo kijijini, ni nani kati yao angesimama kusema, mimi niliikubali kwa moyo?

Mwezi wa sita mbunge alikuja Makambako. Alisalimu kwa "Kamwene", watu wakaitikia, akaeleza habari za barabara na bei za pembejeo. Ulipofika wakati wa maswali Dorosela alisimama, khanga imefungwa juu ya sweta.

"Mheshimiwa, ile sheria ya ardhi. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo, mama."

"Nani alikusikia?"

Watu waliangua kicheko. Halfan, dereva wa lori la mbao, akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, siku hiyo alikuwa kasinzia!"

Mbunge naye alicheka. "Mama, tulikuwa wengi. Sauti zinachanganyika."

"Ndiyo maana nauliza. Na mimi niliwahi kusema ndiyo kwenye wengi, nikapoteza shamba."

Kicheko kikakatika. Akaeleza yote, mpaka matanga, mpaka mkono wake. Mbunge alisikiliza akiitazama meza. Mwishowe alisema sheria imepita kweli, ila bado haijatangaziwa siku ya kuanza kutumika. Lakini angeandika barua kijijini, kwa jina lake mwenyewe, wamsikilize mama huyu upya. Akatoa daftari.

"Unaitwa nani?"

"Dorosela. Andika na hili: ule mkono ulikuwa wa msiba."

Akaandika. Dorosela hakuweza kuyasoma aliyoyaandika, ila aliona kalamu ikienda mpaka mwisho wa mstari.

Mvua zilikuja zikapita. Alikwenda kijijini mara mbili kwa miguu kutoka kituo cha basi. Mwenyekiti alimwambia hajaona barua. Shambani, miwati michanga ilikuwa imechipua yenyewe katikati ya visiki, imemfika kiunoni. Aling'oa magugu kwenye miche mitano hivi, akaondoka kabla shemeji yake hajamwona.

Mbunge bado anadaiwa barua ile, na "ndiyo" moja ya peke yake, isiyochanganyika na za wenzake. Mwenyekiti anadaiwa mkutano. Valeriani anadaiwa ekari tatu na miti iliyoanguka. Dorosela naye ana deni: siku watakapouliza tena nani anaafiki, mkono wake ubaki chini, wamgeukie wasimgeukie.