Ukiambiwa "Toa Komanteri"

Mwanangu, nilipokuwa kijana niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Internet inafagiliwa. Rafiki yangu Patient, aliyekuwa amerudi kutoka Kampala na viatu vyenye ncha na Kiingereza kingi, ndiye aliyeniambia, tukiwa tumesimama Nyawera karibu na taksi-moto.

"Désiré, ku Internet hakuna kitu ya zamani. Kila siku ya Mungu bazungu banafagia. Karatasi yote yenye kuchoka banatupa. Ile unakuta pale iko mupya sawa mukate wa asubui."

Nikaamini. Nilikuwa nimepata diplome yangu ya shule ya jioni, nina akili nyingi hata kofia zote za Bukavu zilikuwa zinanibana, na bado nikaamini. Niliporudi nyumbani Luvungi nilimsimulia mama. Akauliza kama hao wafagiaji wanapata hata nafasi ya kwenda misa.

Basi, nakumbuka siku moja ya mvua, mvua ile inayofanya ukungu ushuke mpaka kwenye madirisha. Nilikuwa nimechukuliwa kwa majaribio katika ofisi ndogo mjini Bukavu ya wakulima wa kahawa wa Bunyakiri. Kompyuta yao ya kwanza ilikuwa imeungua, wakaleta nyingine, na kazi yangu ilikuwa kuifanya hiyo nyingine iwe seva, yaani iwe ndiyo inayomfungulia mtu wa mbali ukurasa wetu. Ukurasa wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa PHP. Hiyo ni lugha ambayo seva lazima kwanza iunganishwe nayo. Isipounganishwa, mgeni akibisha hodi inamwagia maandishi yote ya ndani, mabano na alama na vitu vya kutisha, kama mtu anayefungua mlango bila suruali.

Na sisi tulikuwa tunafungua mlango bila suruali.

Kando ya mlango wa ofisi alikaa Papa Bahati, kiongozi wa wakulima, koti lake likidondosha maji sakafuni. Alikuwa ameteremka kutoka Bunyakiri kwa ajili ya jambo hilo tu. Kesho yake, Ijumaa, kabla ya saa sita za mchana, mnunuzi wa Ulaya angefungua ukurasa wetu aone kila gunia limetoka katika shamba la nani. Asipoona, angechukua kahawa ya watu wengine. Ya kwetu ilikuwa tayari katika magunia, ndani ya hangari yenye paa linalovuja, na kahawa, mwanangu, inanyonya unyevu kama mtoto anavyonyonya. Ikishashika harufu ya ukungu, hata mbuzi haigeukii. Jasho la msimu mzima la familia za mlima mzima lilikuwa linasubiri vidole vyangu hivi.

"Papa, musiogope," nikamwambia. "Niko na karatasi."

Karatasi hiyo Patient ndiye aliyeitoa kwenye Internet, ya Kiingereza, akaandika kwa biki maana ya kila hatua, kisha akaenda zake Uvira. Hatua za kwanza zilinitii. Nilifungua faili ya mipangilio ya seva, nikanakili mstari wa kuita PHP kama ulivyochapwa, pamoja na ile alama ya dièse, yaani #, iliyosimama mbele yake. Nikafika hatua iliyofuata. Patient alikuwa ameandika: "Hapa toa komanteri."

Nilifurahi. Nikasema, kumbe hii ni mashine yenye heshima, inataka kujua mtu anaonaje. Mimi na komanteri, nani ananishinda? Chini ya mstari nikaandika: "Hii ligne iko muzuri sana, inaonekana iliandikwa na watu wenye kusoma." Nikahifadhi, nikawasha seva.

Ikakataa kuwaka. Ikaandika kwa Kiingereza kitu kirefu, na katikati yake, ndani ya alama za nukuu, neno langu mwenyewe: "Hii."

"Inasema nini?" akauliza Papa Bahati.

"Inasema haijue 'hii', Papa. Nafikiri haijue Kiswahili."

"Sasa umuongeleshe Kifaransa, kijana. Haukusoma?"

Nikafuta, nikatoa komanteri ya Kifaransa, ndefu, yenye adabu, kama ninamwandikia gavana. Ikakataa tena. Sasa ilikuwa haijui neno la kwanza la Kifaransa changu. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nikajiuliza kama nimesifu kupita kiasi, maana kuna wakubwa wasiopenda kusifiwa mbele ya watu. Nikaandika komanteri fupi. Nikaandika ya kulaumu kidogo. Kila mara mashine ilichukua neno langu la kwanza na kunirudishia usoni kama mteja anayemrudishia muuzaji samaki aliyeoza. Papa Bahati aliacha kuuliza. Alikuwa anatazama mvua tu, na najua alikuwa anaona lile paa la hangari.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kijana mwenye diplome mpya husikia methali hiyo inahusu watu wengine. Siku ile iliniuma mpaka nikaisikia. Nikampigia mwalimu wangu wa shule ya jioni, Maître Cirhuza, mtu aliyefundisha kompyuta kwa upole wa padri na macho ya askari. Akateremka kutoka Kadutu chini ya mwavuli, akakaa mahali pangu, akasoma. Akasoma tena.

"Désiré. 'Hii ligne inafaa lakini ingeweza kuwa fupi.' Nani aliandika hii?"

"Ni miye, Maître. Patient alisema nitoe komanteri."

Akavua miwani. Mabega yalikuwa yanamtikisika, nami nikadhani ni baridi.

"Sikia, mutoto wangu. Ku kanisa unatoa nini?"

"Sadaka."

"Na kwa daktari wa meno, banatoa nini?"

"Jino."

"Bon. Hapa iko jino. Haiko sadaka."

Papa Bahati alicheka kwanza, akacheka mpaka kiti kikalia. Mimi bado sikuelewa, ikabidi Maître anieleze polepole kwamba mstari wenye dièse mbele mashine haiusomi, inauhesabu kuwa ni maelezo ya watu tu, na maelezo hayo ndiyo yanayoitwa komanteri. Kutoa komanteri ni kuiondoa hiyo dièse ili mstari uamke. Unaona, mwanangu, Kiswahili chetu kina mkono mmoja wa kupa na kunyang'anya.

Tukafuta sifa zangu zote. Tukaondoa dièse. Tukawasha. Ikakataa.

Safari hii ilisema inatafuta faili fulani yenye jina la PHP na namba nne mwishoni, na haiioni. Mimi, ambaye sikufa kwa aibu, nikapata wazo. "Maître, basi tuitengeneze. Tufanye faili tupu, tuipe lile jina. Itakuta kile inatafuta."

"Na ukiwa na njaa, mama yako anakupa sahani tupu?"

Akaniambia niulize mashine ina PHP ya namba ngapi, maana kila toleo jipya hupewa namba yake. Nikauliza. Ikajibu tano. Akaweka kidole kwenye karatasi ya Patient, kila mahali palipotajwa PHP: nne, nne, nne. Nilikuwa nimeisoma karatasi ile mpaka ikataka kuchanika, na ile nne sikuwahi kuiona. Nilidhani ni sehemu ya jina, kama mtu anavyoitwa Jean-Pierre.

Maître aliisukuma karatasi pembeni. Akafungua maelekezo yaliyokuja na PHP yenyewe ndani ya kompyuta, ya namba tano, akanifanya niyafuate mwenyewe huku yeye akinywa chai. Mstari ulikuwa na jina lingine, tena ulitakiwa kukaa katika faili nyingine. Nikawasha. Ukurasa ukafunguka na nguo zake zote. Papa Bahati akasogeza kiti, akafuata majina kwa kidole juu ya kioo mpaka akakuta jina la mke wake na shamba lake, akalisoma kwa sauti kama katekista. Ijumaa yule mnunuzi alifungua, akaona, na magunia yakateremka kabla harufu haijayafikia.

Lakini turudi siku ile ya mvua: mimi nilikuwa bado na swali. Wakati Maître anafungua mwavuli wake nikamuuliza: "Maître, ile karatasi ilikuwa mupya. Patient aliikuta ku Internet. Balisahau kuifagia?"

Akaniuliza kufagia gani, nikamsimulia habari yote ya bazungu na siku ya Mungu. Hakucheka. Aliniweka mkono begani.

"Désiré, hakuna mutu anafagia Internet. Mutu anaandika, anaenda zake, na ile aliandika inabakia pale hata kama kitu chenyewe ilisha badirika. Mwenye aliandika hakukudanganya. Alikuwa anaongelesha mutu wa mashini ingine."

Mwanangu, tunapenda kusema ya kale ni dhahabu, na kwa mambo mengi ni kweli, ila waliosema hivyo hawakuwahi kuwasha seva. Leo PHP imefika namba nane, na kila wiki ananijia kijana na simu mkononi, macho mekundu, ananionyesha maelekezo ya namba tano na kuapa kwamba kompyuta yake imerogwa. Haikurogwa. Kabla hujafuata neno la mtu, jua alikuwa anazungumzia kitu gani, cha namba gani, na wewe una nini mkononi. Na neno likija na maana mbili, usichague ile inayokufurahisha. Muulize aliyelisema, hata kama yuko Uvira.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mwalimu wa kukurudi bila kukuvunja, na akujalie moyo wa kumpigia simu kungali mapema.