Kabichi zangu za Machi huku Sydney ziligeuka maua, na mimi nikaendelea kutoa maelezo

Wakuu wa jukwaa la kilimo, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Nawaandikia kutoka Guildford, magharibi mwa Sydney. Humu ndani nimekuwa msomaji kimya kwa miaka mingi, na najua mnavyomchambua mtu akileta uzi wa kupika. Hii naileta kama ilivyotokea. Majina nimebadilisha. Upumbavu sijabadilisha, huo ni wangu halisi.

Kwanza, kwa mlioko nyumbani: huku majira yamepinduka. Januari ni joto la kuyeyusha lami, Julai ni baridi. Machi ndiyo autumn inaanza, jua linapungua ukali. Kwa mboga za ubaridi kama kabichi, huo ndio mwanzo wa msimu. Unasia mwishoni mwa Januari au Februari, halafu Machi unahamishia miche shambani.

Naandika kama mtaalamu, eh? Subirini.

Tuko watu sita, tunasali kanisa moja. Wanne ni Warundi waliokulia kambi za Kigoma, mmoja ni Mkenya, nurse, anaitwa Wanjiru, na mimi Mtanzania. Kazi yangu ni forklift kwenye warehouse moja Smithfield. Nabeba pallet. Ardhi naiona kwenye screen ya simu.

Aliyetupatia shamba ni Mama Divine, mmoja wa hao Warundi. Anafanya aged care, kazi ya kuwatunza wazee, huko Parramatta. Bibi mmoja anayemhudumia ana kaka yake, Mmalta aliyelima mboga maisha yake yote. Tumwite Mzee Zeppi. Ana ardhi huko pembeni kabisa mwa jiji, dakika hamsini kwa gari, na magoti yamemgomea.

Mzee Zeppi akatukatia robo eka kwa majaribio. Masharti yake yalikuwa mafupi: msimu mmoja, Februari hadi mwisho wa Mei. Akipenda atakachokiona, tunaandikiana miaka mitano. Asipopenda, jirani yake anataka kufugia farasi pale, na farasi hawana maneno mengi.

Sasa tukakaa kikao kumchagua mtu wa kupanga kilimo.

Mimi nikasema sentensi moja tu, kwamba natokea Lushoto.

Anayeijua Lushoto anajua mboga zinavyoteremka kutoka milima ile kwenda Tanga na Dar. Nikanyamaza, nikaacha jina lifanye kazi. Sikueleza kwamba baba alikuwa mwalimu, kwamba nilisoma bweni tangu nikiwa mdogo, na kwamba uhusiano wangu na kabichi ulikuwa wa sahani. Nikapewa upangaji kwa kauli moja.

Wakuu, nilifungua spreadsheet. Ina rangi. Ina column ya "responsible person". Kalenda ya kupandia niliitoa mtandaoni, ya nchi ya theluji huko kaskazini, nikasogeza miezi sita mbele nikajiona nimemaliza. Kalenda ile ilikuwa na haraka sana, kwa sababu kule baridi ikifika inaua kila kitu. Sydney baridi ya namna hiyo hakuna. Umande unaganda asubuhi chache za Juni na Julai, basi.

Lakini mimi nikaleta haraka ya theluji kwenye nchi ya jua. Miche yote mia mbili na arobaini ihamishiwe siku moja, Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa tatu asubuhi.

Mama Divine ndiye aliyesia mbegu, kwenye trei nyuma ya nyumba yake, chini ya neti ya kivuli. Kitalu yeye anakiita pepinieri. Alishauri kwa upole kwamba tusie kwa mafungu, kila wiki mbili fungu moja. Joto likiua la kwanza, la pili lipo. Na kabichi zisikomae zote wiki moja tukakosa walaji. Akaongeza kwamba miche huhamishwa jioni, ipate usiku mzima wa kupumua kabla ya jua.

Nikamjibu kwamba tunatakiwa kuwa professional.

Wanjiru akaangalia ile spreadsheet, akasema, "Boss, plan iko fiti. Shida ni jua haijaisoma."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kicheko cha kiongozi.

Jumamosi ikafika. Saa tatu asubuhi jua lilikuwa tayari limekasirika. Hadi saa sita joto lilikuwa nyuzi thelathini na sita, na upepo mkavu kama wa mashine ya kukaushia nguo. Tukapanda. Matuta hatukuyalowesha kwanza, kwa sababu kwenye spreadsheet kumwagilia kulikuwa row inayofuata.

Mama Divine alipanda kwa adabu mpaka trei zilipobaki mbili, miche arobaini. Akaziweka chini ya kivuli cha tangi la maji, akasema hizo atazipanda saa kumi na moja. Sikubishana naye. Nilifungua simu nikamwandikia "late" kwenye jedwali.

Kumwagilia katikati ya wiki ilikuwa zamu yangu peke yangu. Jumatatu nilipotoka shift nikaendesha kwenda shambani.

Miche mia mbili ilikuwa imelala. Haikuwa kulala kwa kupumzika. Mingine ilishakuwa karatasi, ukiigusa inavunjika. Matuta mawili ya Mama Divine yalikuwa yamesimama wima, mabichi, kama watoto wa shule kwenye mstari.

Hapa ndipo nilipotakiwa kuandika kwenye grupu: jamani, miche imekufa, kosa ni langu.

Badala yake nikachuchumaa mwanzoni mwa tuta la Mama Divine, nikapiga picha kwa chini ili matuta yangu yasionekane. Nikatuma: "Yote iko poa, tumshukuru Mungu."

Zikaja emoji za mikono. Mama Divine hakuweka kitu.

Jumanne nikaenda duka la bustani. Miche ya kabichi ya kawaida ilikuwa imeisha, ila pembeni nikaona trei nyingi zimepunguzwa bei, majani yake yaleyale ya kabichi. Kibandiko kilikuwa kimelowa, kinasomeka jina la kitaalamu tu, Brassica oleracea. Nikalitambua, nililiona kwenye video. Nikajiona msomi. Nikazikomba zote.

Nikang'oa maiti, nikapanda mipya jioni hiyo na jioni iliyofuata, safari hii kwa kulowesha matuta kwanza. Nilimwibia Mama Divine ushauri wake wote. Ikashika vizuri ajabu.

Jumamosi wenzangu walipofika, walinipongeza. Wanjiru akaanza kuniita Professor. Jumapili baada ya ibada mchungaji akanisimamisha niseme maneno mawili kuhusu shamba. Nikasema dakika kumi na mbili. Binti yangu Neema, ambaye Kiswahili anasikia ila anajibu kwa Kiingereza, akaniuliza kwenye gari, "Dad, did you actually do all that?" Nikaongeza sauti ya redio.

Aprili ikapita vizuri. Kuelekea mwisho wake nikaona kitu. Matuta mawili ya Mama Divine yalianza kufunga, katikati panajikunja kichwa kigumu. Yangu yalikuwa yanafunguka, na kingo za majani zinafanya mikunjo mikunjo kama gauni la msimamizi wa harusi.

Kisha katikati pakaanza kuwa pinki.

Wakuu, mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikatoa tamko kwamba huo ni upungufu wa phosphorus. Nilisoma mahali kwamba majani yakikosa phosphorus huingia zambarau. Watu sita tukabeba mbolea ya kuku Jumamosi nzima kutibu ugonjwa ambao haupo. Wanjiru alitoka night shift moja kwa moja kuja kubeba ndoo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Zilivyonenepa na ile mbolea, pinki ikazidi. Nyingine zikatoa nyeupe katikati, nyingine zambarau ya kanzu ya askofu. Lilikuwa shamba zuri sana. Magari yalikuwa yanapunguza mwendo barabarani.

Wiki moja kabla ya Mzee Zeppi kuja kukagua, nilikuwa napalilia na Mama Divine, wawili tu. Alikuwa mbele yangu, hakugeuka.

"Baba Neema, hii miche si ile yetu."

Nikaanza habari za udongo. Akanikata kwa utulivu.

"Ile nilisia na mikono yangu. Nazijua. Hizi nilijua hata ile Jumamosi walipokupongeza, shina zilikuwa zingine. Nikasema ningoje, atasema mwenyewe. Nikangoja Machi yote. Nikangoja Aprili."

Nikakiri kwamba yetu niliikuta imekufa Jumatatu nikanunua mingine dukani, nikaomba samahani kwa maua. Hapo ndipo alipogeuka.

"Maua si kitu. Kambini tulilima nyuma ya nyumba, hatua mbili, kila tukihamishwa tunaacha. Huyu mzee ndiye mtu wa kwanza kuniambia miaka mitano. Ungesema Jumatatu ile, mbegu nilikuwa nazo kwa nyumba. Ilikuwa Machi bado. Tungesia tena."

Akarudi kupalilia.

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Nilipiga hesabu ya wiki mara tatu na kila mara ilikuwa sawa. Tungesia Jumatatu ile chini ya neti yake, katikati ya Aprili miche ingekuwa ardhini, na udongo wa Sydney bado una joto la kuikuza. Tungechelewa kidogo, lakini Mzee Zeppi angekuta kabichi. Jua liliua miche tu. Msimu niliuua mimi, kwa kuona haya.

Jumamosi nikawaambia wote. Nilieleza kuanzia Lushoto mpaka kibandiko kilicholowa. Wanjiru alikaa juu ya ndoo akauliza kitu kimoja, kama mbolea ya kuku nayo ilikuwa uongo. Nikamwambia ile ilikuwa ujinga mtupu. Akasema afadhali.

Mzee Zeppi akaja na fimbo yake. Alisimama mbele ya matuta yale ya pinki. Nikamweleza tena yote kwa Kiingereza, maana nilishaona ni afadhali yatoke kwangu. Akaniambia kwamba kabichi hizo huku watu hupanda mbele ya nyumba, kwa mapambo. Mtu anaweza kuzila, lakini ni kama kula pazia.

Halafu akatembea hadi kwenye matuta mawili ya mwisho. Akainama kwa shida, akaminya kichwa cha kabichi kwa viganja viwili, akauliza nani alipanda hizi. Nikamwonyesha.

Hakutupa miaka mitano. Alitupa msimu mwingine mmoja, na akaweka sharti: karatasi iwe kwa jina la Mama Divine, na kila kitu cha kupanda apange yeye. Miaka mingine minne ambayo kundi limeikosa ni kazi yangu. Mama Divine aliipokea ile karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye Biblia yake. Hakunitazama, na mimi sikutegemea anitazame.

Maua tuliyakata kwa ajili ya ibada ya wagonjwa, madhabahu ikapendeza. Mama mmoja aliniomba mbegu. Nikamwambia hizo zinapandwa na watu maalumu.

Mwaka huu mambo yako hivi. Mama Divine alisia fungu la kwanza mwishoni mwa Januari kivulini, la pili katikati ya Februari, la tatu mwanzoni mwa Machi. Spinachi alikataa kabisa isiguse udongo kabla haujapoa, anasema ikikuta joto inakataa kuota, na ni kweli, mimi niliijaribu kwa siri kwenye ndoo, haikuota. Karoti anapanda hapohapo shambani, hazipendi kuhamishwa. Miche inaingia ardhini saa kumi na moja jioni, tuta likiwa limeshalowa.

Mimi ni mtu wa neti na mpira wa maji. Mwezi uliopita konokono walikula miche tisa kwenye zamu yangu. Niliwapigia simu wote nikiwa bado nimesimama kwenye tope, na Jumatano iliyofuata miche mingine ikawa imeshaziba mapengo. Mama Divine alisema "sawa" tu, akauliza kama nimekula.

Nilichojifunza, wakuu: kwenye kupanga msimu, weka fungu la pili na la tatu, kwa sababu la kwanza si lako, ni la jua na wadudu. Na mche ukifa, sema siku hiyohiyo. Majira hayakai yakasubiri wewe umalize kuona aibu.

Haya, uwanja ni wenu. Chekeni kwanza, nimejiandaa. Ila mkishamaliza, mwenye njia ya konokono isiyo ya sumu aiweke hapa chini, na yeyote aliyewahi kuficha maiti ya mboga na yeye ajitokeze, nisibaki peke yangu.