Dobi na Mtaro

Mtaani walimwita Dobi, ingawa jina alilolipenda mwenyewe ni Mtumishi. Kibanda chake cha kufulia na kupiga pasi kilikuwa kwenye kona, na hakuna mteja aliyechukua shati lake pale bila kuulizwa kama yuko tayari kukutana na Mungu wake. "Nguo imeshatakata," alizoea kusema huku akipuliza makaa ya pasi, "imebaki roho." Wengi walicheka, wakalipa, wakaondoka mbiombio. Wachache walibaki kumsikiliza, na kwa hao wachache akawa kiongozi wa akina mama kanisani. Akisema simameni, wanasimama.

Kuliko wote, alitaka aokoke jirani yake wa ng'ambo ya mtaro, Msusi, mwanamke mwenye ulimi mkali na binti mmoja wa miaka minne. Dobi alimfulia yule mtoto nguo bure, akimsubiri mama yake alainike. Na kweli alikuwa ameanza kulainika. Alishakuja kanisani mara mbili, akakaa nyuma kabisa, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri gari.

Mtaro wenyewe ulikuwa umebaki wazi. Watu wa manispaa walikuja wakang'oa mifuniko ya zege, wakasema wanakarabati, wakaipakia kwenye lori na kuyeyuka. Mvua ikinyesha, maji meusi yalijaa hadi ukingoni, usijue ardhi inaishia wapi.

Asubuhi moja Msusi alikuja kibandani.

"Dada, kesho tunakwenda manispaa kudai mifuniko. Sisi wasusi watatufukuza kama kuku. Ila akina mama wa kanisa lako wakijaa pale uani, na yule mhandisi wao wa mitaro ni mzee wa kanisa lenu, atatazama wapi?"

Dobi hakuiacha pasi. Uchaguzi uliopita kanisa lao lilipasuka katikati kwa ajili ya mgombea mmoja. Watu waliokula pamoja miaka mingi wakaacha kusalimiana. Aliapa siasa haitamgusa tena.

"Mdogo wangu, siasa zinaanzaga hivyo hivyo. Leo mtaro, kesho mnavalishwa fulana za chama. Mimi nimepewa kazi moja tu, ya Injili."

"Mtaro una chama gani?"

"Njoo Jumapili, tutauombea."

Jioni ile, kwenye kikao cha akina mama, mmoja aliuliza kama waende. Dobi akasema, "Sisi tumeitwa kuvua watu, si kufunika mitaro." Walicheka mpaka wakapigana viganja. Mzaha huo ulifika kwa Msusi kabla hawajafika makwao. Kesho yake alikwenda na wenzake wanne. Mlinzi hata geti hakuwafungulia.

Mvua kubwa ilinyesha wiki iliyofuata, ikakatika mchana. Dobi alikuwa amemaliza kupiga pasi gauni la mtoto, jekundu lenye marinda. Alimwona ng'ambo amesimama mlangoni.

"Njoo uchukue gauni lako, mrembo!"

Mtoto akaja anakimbia. Alikanyaga mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Dobi alipiga yowe, akaruka, akaingiza mikono kwenye yale maji hadi mabegani. Hakushika kitu. Mafundi wa gereji walimpata mtoto chini kabisa, kwenye kalvati linalopita chini ya barabara, wakamvuta kwa nondo. Msusi aliletwa akiwa na kitana bado mkononi.

Mazishini mchungaji alihubiri kama ambavyo hakuwahi kuhubiri. Alisema malaika yule mdogo ametangulia kuwaita waliobaki. Alipouliza nani anataka kuokoka, watu walijitokeza mbele, wanaume wazima wanalia, hata mafundi wa gereji. Dobi alipita akiwawekea mikono vichwani, na furaha ikampanda kifuani kabla hajaizuia. Mavuno kama hayo hakuwahi kuyaona. Alipofika kwenye kiti cha mfiwa, Msusi aliinua uso, macho makavu.

"Umevua wangapi?"

Dobi aliushusha mkono, akapita.

Baada ya siku kadhaa alijikokota hadi saluni kwa Msusi. "Nimezungumza na akina mama. Safari hii tunakwenda wote."

Msusi hakuacha kusuka. "Njooni. Ila wewe usifungue mdomo."

"Hata kuomba?"

"Omba kimoyomoyo."

Walijaa ua wa manispaa. Mhandisi alitoka na tai yake, akamwona Dobi, uso ukamchangamka. "Mtumishi! Hata wewe? Nilijua wewe ni mtu wa mambo ya rohoni."

Akina mama wote walimgeukia. Maneno alikuwa nayo, yamejipanga kooni. Alimtazama Msusi, Msusi alikuwa anatazama ardhi. Dobi akanyamaza. Mhandisi akauona ukimya ule kama aibu, akasema bajeti haijapita, akanyoosha mkono juu yao, akawaombea. Wengine waliitikia amina kwa mazoea tu. Akaingia ndani.

Njiani Msusi alimsogelea. "Kwa nini hukusema?"

"Si ulinikataza?"

"Mwanangu alipokuwa hai, ulikuwa unaomba ruhusa yangu ili useme?"

Mifuniko ilikuja miezi miwili baadaye, askofu mgeni alipotarajiwa. Iliwekwa mbele ya geti la kanisa, mpaka pale magari yanapoegeshwa, ikaishia hapo. Mchungaji aliitaja kwenye ibada kama jibu la maombi.

Siku hiyohiyo Msusi alihama. Dobi alivuka mtaro kwa ubao, akanyanyua kiti cha kusukia ili amsaidie kukipakia mkokotenini. Msusi alikichukua taratibu kutoka mikononi mwake.

"Acha," alisema. "Nitabeba mwenyewe."